Chuma kipi kwa gitaa la mapajani: cha duara, chenye mifereji, mseto, cha kioo, au cha kukerezewa na fundi?

Anayeanza kupiga gitaa la mapajani, lile linalolazwa mapajani nyuzi zikitazama juu, huhangaika wiki nzima kuchagua gitaa, kisha chuma cha kutelezesha juu ya nyuzi anachukua chochote alichokikuta ndani ya boksi. Hapo ndipo safari yake inapoanza kuwa ngumu bila sababu. Kwenye gitaa hili hubani freti yoyote. Mistari iliyochorwa shingoni ni alama za kukuongoza tu. Noti yako iko pale chuma kilipotua. Kipande hicho cha gramu mia mbili hivi ndicho freti yako, ndicho kidole chako, na sehemu kubwa ya sauti yako inatoka hapo.

Ugumu ni kwamba vyuma viko vya maumbo mengi, na wapigaji mahiri wanatumia vyuma visivyofanana hata kidogo. Nimeweka hapa aina tano na kuzipima kwa vigezo vilevile, ili mwenye kukwama aone kila aina inampa nini na inamnyima nini. Msimamo wangu nautoa mapema: anza na kazi ambayo mkono wako wa kushoto utaifanya zaidi, fuata na gitaa ulilonalo, na suala la malighafi liwe la mwisho. Wengi huanzia mwisho. Wanabishana kuhusu kioo na shaba, ilhali umbo ndilo linaloamua utaweza kupiga nini na nini kitakushinda.

Vigezo

Kwanza, kazi ya mkono. Upigaji huu ulizaliwa Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku, kijana wa Laie katika kisiwa cha Oahu. Muziki uliokua pale ni wa taratibu, sauti mbili au tatu zikitembea pamoja. Sasa, chuma kilichonyooka hutoa umbali uleule kati ya nyuzi mbili popote unapokiweka, lakini wimbo unataka umbali huo ubadilike. Dawa yake ni kulaza chuma mshazari, upande mmoja uwe freti moja mbele ya mwingine.

Tuchukue tyuning (mpangilio wa sauti za nyuzi) ya C6, ambayo nyuzi zake kutoka nene kwenda nyembamba ni C, E, G, A, C, E. Tumia uzi wa pili na wa tatu ukihesabu kutoka ule mwembamba kabisa, yaani C na A zilizo upande wa mbali na tumbo lako. Unataka kupanda do-mi, re-fa, mi-so, fa-la katika ufunguo wa C. Do-mi unaipata uzi wa tatu ukiwa freti ya 3 na wa pili freti ya 4, chuma kimelala mshazari. Re-fa, kinyooshe: nyuzi zote mbili freti ya 5. Mi-so ni freti ya 7, bado kimenyooka. Fa-la, kilaze tena: uzi wa tatu freti ya 8, wa pili freti ya 9. Umepanda ngazi nne tu, na tayari chuma kimegeuka mkononi mara mbili. Ukipenda muziki wa namna hii, unahitaji chuma kinachozunguka kati ya vidole bila kubishana nawe.

Kuna shule ya pili, ya dobro, gitaa lenye koni ya alumini tumboni ambalo ndugu wa ukoo wa Dopyera walianza kulitengeneza Marekani mwaka 1928. Josh Graves, mpigaji wa dobro, alipoingia bendi ya bluegrass (muziki wa kasi wa nyuzi wa Marekani) ya Lester Flatt na Earl Scruggs mwaka 1955, alikuja na upigaji wa vidole wa kasi uliokwenda sambamba na banjo. Hapo chuma hakilali mshazari sana. Kinagonga uzi ulio wazi ili noti ipande, kinaung'oa ili noti ishuke, kinaruka, kinarudi, yote ndani ya mapigo machache. Kikiteleza mkononi mara moja, msururu wote umekatika.

Shule ya tatu ni ya sauti moja inayoimba. India wameifikisha mbali: Debashish Bhattacharya, na Vishwa Mohan Bhatt aliyepata tuzo ya Grammy mwaka 1994 pamoja na Ry Cooder, wanavuta noti kwenye uzi mmoja kama mwimbaji anavyovuta pumzi. Katika makanisa ya House of God ya Wamarekani weusi, tangu Willie Eason alipoanza kulipeleka gitaa hili ibadani miaka ya 1930, chuma kinaitikia mhubiri na kwaya. Sisi tuna sababu yetu pia ya kuipenda shule hii. Taarab imejengwa juu ya udi na fidla, vyombo visivyo na freti, na maqamu zake (ngazi za sauti za asili ya Kiarabu) zina sauti zinazoangukia katikati ya freti za gitaa la kawaida. Gitaa la mapajani linazifikia bila taabu, kwa sababu chuma kinasimama popote sikio linapotaka. Kwa kazi hii unahitaji chuma ambacho ncha yake inagusa uzi mmoja na kuwaacha majirani salama.

Pili, gitaa lenyewe. Hesabu nyuzi, pima upana wake. Gitaa la nyuzi sita hutosheka na chuma cha urefu wa milimita 70 hadi 75; la nyuzi nane linataka 80 au zaidi, la sivyo ncha inaishia kabla ya uzi wa mwisho. Angalia pia nyuzi zimeinuliwa kiasi gani. Gitaa lililoundwa kwa kazi hii lina nyuzi zilizo juu sana ya ubao. Gitaa la kawaida lililogeuzwa, lile lililowekewa nati ya kuinua nyuzi (kipande cha mwanzo wa shingo kinachobeba nyuzi), mara nyingi halikuinuliwa vya kutosha, na chuma kizito kitazisukuma nyuzi hadi zigonge freti.

Tatu, uzito. Chuma kizito hukaa imara juu ya uzi bila kukibana, mvumo unadumu, nyuzi nene zinasikika zikiwa kamili. Lakini kila gramu unayoiongeza lazima uinyanyue wakati wa kuruka na uisimamishe kwa usahihi mwisho wa kuteleza. Unapochoka, noti ndizo za kwanza kukushtaki.

Nne, mshiko na ncha, ambavyo ndivyo vinavyotofautisha aina hizi zaidi. Tano, uso: ulaini wake, jinsi unavyostahimili jasho na hewa ya chumvi. Sita, bei na upatikanaji, kwa sababu maduka mengi ya muziki katika miji yetu hayaweki vyuma hivi na utaagiza kutoka nje.

Chuma cha duara

Hiki ni mche wa chuma kizima, mviringo, ncha moja, yaani pua, ikiwa imechongwa kama kichwa cha risasi. Mkia wake mara nyingi una kishimo kidogo cha kukaa kidole gumba. Ndicho chuma cha wapigaji wa Hawaii wa zama za umeme, ndicho cha Jerry Byrd, mpigaji maarufu wa Marekani, na ndugu zake wakubwa zaidi ndio wanaotumika kwenye magitaa ya pedali, yale yenye pedali za kubadilisha sauti za nyuzi.

Uzito wake unategemea unene, na tofauti ndogo ya milimita ina maana kubwa. Chenye kipenyo cha milimita 19 na urefu wa 70 kina gramu 155 hivi. Cha milimita 22 kwa 75 kinafika kwenye 225. Cha milimita 25 kwa 85 kinavuka 300, na hicho kiachie gitaa la pedali lenye nyuzi kumi. Kwa nyuzi sita, milimita 19 hadi 22 inatosha kabisa. Ukiwa na mkono mdogo usione haya kuanza na 19.

Mshiko wake unahitaji kufundishwa. Kidole cha shahada kinalala juu ya mgongo kikielekea puani, kidole gumba na cha kati vinakishika ubavuni, na vidole viwili vya mwisho vinaburutwa nyuma ya chuma vikizizima nyuzi zisivume ovyo. Mwanzoni kitakuponyoka. Jasho la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari halisaidii. Weka kitambaa kikavu pajani na ufute kila baada ya wimbo.

Lakini ukishakizoea, hakuna umbo linalolala mshazari vizuri kama hili. Kidole gumba kikiingia kwenye kishimo cha mkia na kusukuma, pua inageuka kuelekea kichwa cha gitaa, na huo ndio mshazari wa kinyume ambao vyuma vingine huutoa kwa shida. Mduara pia unakuruhusu kuviringisha kidogo unapotikisa noti, kwa hiyo mtetemo wake ni laini. Na ile pua ya mviringo inateleza kutoka uzi mmoja hadi mwingine bila kunasa. Ukiinua mkia kidogo, unapiga uzi mmoja peke yake, jambo la kufa na kupona kwa mwenye kutaka kuimba taarab au nyimbo za Kihindi kwa gitaa.

Udhaifu wake uko kwenye kugonga na kung'oa. Hakuna makali ya kuushika uzi unapotaka kuung'oa, na hakuna mahali pa kukaza vidole unapokinyanyua haraka. Wapo wanaokipigia muziki wa kasi, ila wamekifanyia mazoezi mengi.

Kinamfaa mwenye gitaa la umeme, mwenye kupenda sauti mbili na tatu zilizolala mshazari, na mwenye kutaka uzi uimbe. Watengenezaji kama Dunlop wana vipimo vingi vya umbo hili, na kati ya vyuma vya kununua ndicho kilicho rahisi kupatikana.

Chuma chenye mifereji

Ukikitazama kwa upande wa mwisho, kina umbo linalokaribia kipande cha reli: chini ni mviringo mwembamba unaogusa nyuzi, ubavuni kuna mfereji kila upande, na juu kuna mfereji wa tatu wa kidole cha shahada. Ncha zake zimekatwa bapa. Wapigaji wanakiita Stevens, kwa jina la chapa iliyokieneza.

Mshiko ndio utajiri wake. Vidole vitatu vinaingia kwenye mifereji mitatu na chuma kinakuwa sehemu ya mkono. Ukikinyanyua kinakuja, ukikishusha kinatua palepale. Kwa sababu kimechongwa mifereji, huwa chepesi kuliko cha duara cha milimita 22, na wepesi huo ni rafiki wa kasi. Zile ncha bapa zina makali ya kona, na kona hiyo ndiyo inayong'oa uzi kwa mlio safi. Mpigaji wa dobro akiwa freti ya 2 anagonga, anang'oa, uzi wazi unalia, na kabla haujanyamaza ameshatua freti ya 5.

Sauti yake kwenye nyuzi nene ni nyembamba kidogo kuliko ya chuma kizito, jambo linalosikika zaidi kwenye gitaa la umeme kuliko kwenye dobro, ambalo koni yake inatoa nguvu ya kutosha.

Kinapokunyima ni kwenye mshazari na kwenye uzi mmoja. Mshazari wa kawaida, ule wa mfano wa do-mi hapo juu, kinaufanya. Unazungusha kifundo cha mkono kidogo tu. Mshazari wa kinyume unakuwa mgumu kwa sababu kidole cha shahada kimefungwa kwenye mfereji na chuma hakizunguki ndani ya vidole. Unalazimika kupinda mkono mzima. Halafu ncha bapa inapovuka kutoka uzi hadi uzi ina tabia ya kunasa kona na kutoa mlio wa “tik”. Katika muziki wa kasi mlio huo unafunikwa. Katika wimbo wa taratibu, kila mtu atausikia.

Jambo la kuangalia dukani: pitisha ukucha kwenye kona na kwenye mstari wa chini unaogusa nyuzi. Vyuma vya bei ya chini vya aina hii mara nyingi vina kromu iliyowekwa vibaya, yenye vijiwimbi au mapovu, na kila kijiwimbi kitakuwa mkwaruzo kwenye uzi. Chuma cha duara chenye kasoro unaweza kukigeuza ukatumia upande mwingine. Hiki kina mstari mmoja tu wa kazi. Ukiharibika, chuma kimekwisha.

Kinamfaa mpigaji wa dobro na bluegrass, mwenye kupenda misururu ya kasi yenye nyuzi wazi, na pia mwanafunzi ambaye mikono yake inatoka jasho sana.

Mseto

Mafundi walipoona wapigaji wanabeba vyuma viwili jukwaani, wakaunganisha: mifereji ubavuni na juu kwa ajili ya mshiko, na pua ya mviringo mbele. Vingine vina ncha moja ya mviringo na nyingine bapa. Shubb ni miongoni mwa wanaovitengeneza.

Uzito uko katikati. Mshiko unakaribia ule wa Stevens bila kukufunga sana. Pua inavuka nyuzi vizuri na uzi mmoja unapigika. Kung'oa kunawezekana, ingawa bila ule ukali wa kona kamili. Mshazari wa kinyume unawezekana, ingawa si kwa urahisi wa chuma cha duara. Naweza kusema hivi kwa moyo mweupe: hakuna jambo ambalo mseto unashindwa kabisa, na kwa mtu anayepiga kanisani Jumapili, harusini Jumamosi, na nyumbani anajifunza Kihawaii, hilo ni jambo kubwa. Ila aliyekwisha kuchagua shule moja ataona mapungufu yake upande ule anaoupenda zaidi.

Bei huwa juu kidogo ya vingine, na maumbo yanatofautiana sana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, kwa hiyo kuagiza bila kushika kuna bahati nasibu ndani yake. Ukipata mtu anayesafiri au rafiki mwenye nacho, kishike kwanza. Angalia kama mifereji inalingana na unene wa vidole vyako.

Cha kioo au kauri

Hapa napita haraka. Kioo kina uzito wa takriban theluthi moja ya chuma cha ukubwa uleule. Mikwaruzo juu ya nyuzi inapungua, sauti ni ya mviringo na nyororo, lakini mvumo haudumu sana na nyuzi nene zinalia kivivu. Kwenye gitaa la mbao lenye nyuzi nyepesi, au lile la kawaida ambalo nyuzi hazikuinuliwa sana, wepesi huu ni faida: huzigongi freti. Kwenye gitaa la umeme la nyuzi nane sioni sababu yake. Mshiko ni kama wa duara, na vinateleza zaidi mkononi.

Kauri ni ndugu mgumu zaidi wa kioo. Ile nzito ya zirkonia inakaribia chuma kwa uzito, ni laini mno, haishiki kutu, na bei yake inauma. Vyote viwili vikianguka kwenye sakafu ya saruji, hesabu umevipoteza.

Mrija wa kioo au chuma wa kuvaa kidoleni, ule wa wapigaji wa bluzi, si chuma cha mapajani. Unaweza kuanzia nao, lakini mkono wako utajifunza mkao ambao baadaye utalazimika kuuacha.

Cha mtaani: soketi na kukerezewa

Watu wa bara hili hawakuwahi kusubiri duka. Malawi, Daniel Kachamba alitelezesha gitaa katika mtindo waliouita hauyani, na wapigaji wa aina yake walitumia kilichokuwepo. Sisi tuna vitu viwili vyema.

Cha kwanza ni soketi ndefu ya kufungulia plagi, ile ya milimita 16 au 21, inayouzwa kwenye kila duka la spea. Tafuta iliyonyooka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nyingi zina bega, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, na hizo hazifai. Namba na chapa zimechongwa ubavuni, kwa hiyo geuza upande usio na maandishi uelekee nyuzi. Ni tupu ndani, hivyo ni nyepesi kuliko chuma kizima cha unene huo, na haina pua. Kwa bei yake, inatosha kabisa kukuonyesha kama gitaa hili unalipenda kweli.

Cha pili ndicho ninachokipenda zaidi katika sehemu hii: kukerezewa. Gerezani pale Dar es Salaam, Kamukunji kule Nairobi, na katika miji mingi yenye mafundi wa mashine za kukereza, kazi hii ni ndogo kwa fundi. Mweleze hivi, na umpelekee mchoro: “Fundi, naomba unikerezee mche wa chuma kisichoshika kutu, kipenyo milimita 22, urefu 75. Ncha hii iwe mviringo kama kichwa cha risasi, hii nyingine unipigie kishimo cha kidole gumba, kina milimita 3 hivi. Kona zote uziue.” Utatoka na chuma cha gramu kama 220, uzito uleule wa cha dukani.

Kazi iliyobaki ni yako, nayo ni kusugua. Mashine ya kukereza huacha mistari midogo ya mzunguko ambayo jicho linaweza lisiione, lakini uzi utaisikia yote. Anza na msasa wa namba 400 wenye maji, nenda 800, kisha 1200, kisha 2000, ukisugua kwa kufuata urefu wa chuma, si kukizunguka. Malizia na dawa ya kung'arishia vyuma na kitambaa cha pamba. Usiruke namba, alama za 400 hazitoki kwa 2000.

Njia ya mkato ni rodi ya shokapu ya gari iliyokwisha kazi. Rodi hizo zimenyooka, ni ngumu, na zimepakwa kromu nzito iliyosuguliwa kiwandani, kwa hiyo ubavu wake hauhitaji msasa. Chagua iliyo nzima ndani na isiyo na vidoa vya kutu. Fundi akichonga pua, kromu ya sehemu hiyo inaondoka na chuma cha ndani kinabaki wazi, hivyo ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kila unapomaliza kupiga, hasa ukikaa karibu na bahari. Shaba ya njano inakerezeka kirahisi na ni nzito kidogo kuliko chuma, ila ni laini: nyuzi zitaichimba mistari, na vidole vitanuka.

Umbo la mifereji usimdai fundi wa mtaani isipokuwa ana mashine ya kuchonga mifereji na amewahi kufanya kazi safi ya aina hiyo. Mfereji ukienda kombo, mshiko umeharibika.

Jaribio la dakika moja

Kwa chuma cha aina yoyote, tafuta kipande cha kioo cha dirisha kilicho bapa. Laza chuma juu yake na utazame dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga unapita katikati au pembeni, chuma kimepinda na nyuzi za kati zitalia kwa kukwaruza. Cha duara kiviringishe: kinapaswa kwenda bila kuruka. Kisha kiweke kwenye gitaa bila kukikandamiza, piga nyuzi zote kwenye freti ya 12, kisha ya 3. Ukisikia mlio wa kukwaruza kwenye nyuzi nene, ni chepesi mno kwa gitaa hilo. Ukisikia freti zikigongwa kwenye ya 3, ni kizito mno, au nati yako iko chini.

Nani achukue nini

Kama una gitaa la umeme la nyuzi sita lenye tyuning ya C6 na unataka muziki wa Hawaii, nyimbo za kuabudu za taratibu, au kuipigia taarab, chukua cha duara, milimita 19 au 22. Kwa nyuzi nane, panda hadi 22 au 24 na urefu wa 80 na kitu.

Kama una dobro katika tyuning ya G na unafukuza kasi ya bluegrass, chuma chenye mifereji na ncha bapa. Ukigundua baada ya miezi kadhaa kwamba unapiga nyimbo za taratibu nyingi kuliko ulivyodhani na ile “tik” inakukera, hamia mseto.

Kama una gitaa moja na muziki wa kila aina, na bajeti inaruhusu kununua mara moja tu, mseto.

Kama gitaa lako ni la kawaida lililowekewa nati ya kuinua nyuzi, usianze na chuma kizito. Cha duara cha milimita 19, chenye mifereji kilicho chepesi, au cha kioo. Na kabla ya kulaumu chuma, inua nati zaidi.

Kama unamnunulia mtoto au mtu mwenye viganja vidogo, urefu na unene vitangulie mengine yote. Kidole gumba na cha kati vinapaswa kukizunguka chuma huku kile cha shahada kikifika karibu na pua bila kunyooka kwa nguvu.

Kama mikono inauma kwa baridi yabisi au jeraha, mifereji itakupunguzia kubana. Mshazari wa kinyume uachie nyimbo unazozipenda sana, au badilisha tyuning ili usiuhitaji.

Na kama bado hujui utapiga nini, anza na soketi wiki hii, umpelekee fundi mchoro wa milimita 22 kwa 75 mwezi ujao. Utakapokuwa tayari kuagiza cha nje, mkono wako wenyewe utakuwa umeshajua kama unalaza zaidi au unagonga zaidi.